Nyama imegoma kuiva kwenye chungu cha umeme: jibu kwa mama wa Ipuli

Swali: Shikamoo mama. Niko Ipuli, Tabora. Kaka yangu anayeishi Uingereza alipokuja likizo aliniletea chungu cha umeme, kile cha kupika polepole, cha lita 3.5, chenye swichi ya kuzungusha: chini, juu na kutunza joto. Nilitaka kupika mchuzi mzito wa nyama, nikafuata kijitabu chake. Nilinunua steki kilo moja, nikaikatakata, nikaiweka na viazi, karoti, vitunguu, nyanya na maji vikombe vinne. Niliwasha kwenye "chini" saa mbili asubuhi nikaenda kazini. Niliporudi saa nane mchana nyama ilikuwa ngumu na kavu, viazi vinagonga, mchuzi mwepesi hauna ladha. Watoto wakala ugali kwa maziwa. Shida ni chungu, ni nyama, au ni mimi? Na je, naweza kuweka maharage ya Kigoma humo humo yaivie pamoja na nyama? Umeme wetu nao hukatika.

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa kilo nzima ya steki. Nimepika hapa Tabora zaidi ya miaka thelathini, kwanza kwa kuni, kisha mkaa, gesi na umeme, na chungu kama chako ninacho jikoni kwangu. Ni chombo kizuri sana kwa mama anayetoka asubuhi kurudi jioni. Ila kijitabu ulichofuata kiliandikwa kwa ng'ombe mwingine, bucha nyingine na umeme mwingine. Ukikisoma hapa Ipuli bila kukigeuza, kitakuangusha kila mara.

Tuanze na nyama. Bucha zetu zina bei mbili kubwa: mchanganyiko, na steki iliyo ghali zaidi. Kwa hiyo mtu akitaka kupika chakula cha heshima anaomba steki, akiamini nyama ya bei ndiyo itakayotoa mchuzi mzuri. Kwenye chungu cha polepole mambo ni kinyume kabisa. Steki ni nyama ya moto mkali na dakika chache. Ukiipika saa sita unaikausha.

Sababu yake ukiielewa hutaisahau tena. Nyama imeundwa na nyuzinyuzi ndefu, na nyuzinyuzi hizo zimefungwa kwa utando na kamba nyeupe za kitu kinachoitwa kolajeni. Joto likifika kama digrii 60 nyuzinyuzi huanza kujikunja na kukamua maji yake, kama nguo inavyokamuliwa. Hapo nyama yoyote huwa ngumu. Joto likipanda kupita digrii 70 na kukaa hapo kwa saa nyingi, kolajeni nayo huanza kuyeyuka polepole na kuwa jelatini, ule utelezi unaonata midomoni ukinywa supu ya makongoro. Jelatini hiyo ndiyo inayolainisha nyama iliyokamuliwa na kuupa mchuzi uzito. Steki ina kolajeni kidogo mno. Ikishakamuliwa imekamuliwa, hakuna kitakachokuja kuiokoa.

Kwa hiyo ukirudi bucha mwambie muuzaji akukatie muundi, ile nyama ya mguu yenye mistari myeupe ya kano katikati. Shingo nayo ni nzuri, kidari kizuri, nyama ya bega inafaa, na mkia ukiupata usiuache. Mimi nachagua muundi kila nikiweza. Ukiukata kwa kukingama unaona kila kipande kina duara la nyama jekundu na kano jeupe lililopita katikati kama uzi kwenye shanga. Mbichi, kano hilo huwezi kulitafuna hata ungekuwa na meno ya fisi. Baada ya saa tisa kwenye chungu linakuwa kama kioo, linatikisika, na ukiligusa kwa mwiko linaachia. Hiyo ndiyo alama yangu ya kuiva, naitegemea kuliko saa ya ukutani.

Kisha mkumbuke ng'ombe mwenyewe. Wanyama wengi wanaochinjwa Tabora wanatoka Nzega, Igunga na vijiji vya jirani, ng'ombe wetu wa kienyeji wenye nundu. Kiangazi anatembea mwendo mrefu kufuata maji na majani, na mara nyingi anauzwa akiwa mzima wa miaka mingi, labda amekwisha kulima au kuzaa mara kadhaa. Kamba za kolajeni hukazana kadiri mnyama anavyozeeka, na mguu uliotembea sana una kamba nyingi zaidi. Uingereza ng'ombe wengi wa nyama huchinjwa kabla ya kufikisha miezi 30, wakiwa wamelishwa vizuri. Kijitabu kikisema saa saba kwenye "chini", wewe weka tisa, hata kumi. Nyama yetu ina ladha nzito kuliko ile, nawaambia hivyo wageni wote, lakini inadai muda wake na lazima ilipwe.

Liko jambo lingine ambalo watu wetu hawapendi kulisikia. Tumezoea kusifu nyama iliyochinjwa alfajiri, ikiwa bado inacheza kwenye ndoano. Nyama hiyo saa chache baadaye inakakamaa, na ukiipika imekakamaa haiwi laini kama inavyopaswa. Ikilala kwenye friji siku mbili, misuli inalegea yenyewe. Ukitaka kupika Jumamosi, nunua Alhamisi, iweke kwenye bakuli lenye kifuniko, sehemu ya chini ya friji penye baridi kali. Kama huna friji, ongeza saa moja ya kupika, na usiilaze nje kwa ajili hiyo.

Na papai bichi, naomba uliache pembeni safari hii. Najua bibi zetu walilitumia kulainishia nyama ya kuchoma, na kwa mishikaki linafanya kazi yake vizuri. Lakini kinachofanya kazi ndani ya papai hupata nguvu zaidi nyama inapopashwa hadi digrii 60 au 70, na chungu chako hupita hapo taratibu mno. Nje ya nyama itakuwa uji, ndani bado ngumu.

Sasa moto. Hapa ndipo mchuzi wako ulipokosa ladha, na kosa hili nimeliona kwa karibu kila mtu aliyenunua chombo hiki akidhani ni cha kutupia kila kitu na kuondoka. Chungu cha umeme hakipiti digrii 100, kwa sababu ndani yake kuna maji na mvuke tu. Rangi ya kahawia na harufu ile inayomfanya jirani aulize unapika nini huanza kwenye digrii 140 na zaidi, pale nyama kavu inapogusa chuma cha moto. Chungu hakiwezi kukupa hicho hata kikikaa siku nzima. Lazima ukipate jikoni kwanza, kwa gesi au mkaa.

Basi fanya hivi. Futa nyama kwa kitambaa safi mpaka ikauke, maana nyama yenye maji huchemka, haikaangiki. Weka kikaango au karai kwenye moto, mafuta kiasi, subiri mpaka mafuta yatembee mepesi kama maji ukiinamisha karai. Weka vipande vichache, visigusane, kisha uviache. Usivikoroge. Mwanzo vitashika chini, na mkono utakuwasha kutaka kuvibandua; vumilia, vikipata rangi vinaachia vyenyewe. Sikiliza sauti pia: mwanzo ni ya kukwaruza na kurusha, halafu inatulia ikawa mlio mzito usiobadilika. Hapo geuza. Kilo moja itakula mizunguko mitatu au minne ya karai, kama dakika ishirini. Hizo dakika ishirini ndizo nusu ya ladha ya chakula chote.

Nyama ikitoka, weka vitunguu kwenye karai lile lile, kisha kitunguu saumu na tangawizi, kisha nyanya. Nyanya usizitupe mbichi kwenye chungu. Zikaange mpaka zivunjike, rangi ikolee, na mafuta yajitenge pembeni, kama unavyofanya kwenye rosti yoyote. Halafu mimina kikombe kimoja cha maji ya moto au supu ya mifupa, ukwangue ukoko wote ulioshika chini ya karai. Usiuoshe ukaumwaga kwenye sinki, mama! Ukoko ule ndio rangi ya mchuzi wako.

Nimesema kikombe kimoja. Uliweka vinne. Kwenye sufuria ya mkaa maji yanapungua muda wote, ndiyo maana tumezoea kuongeza. Kwenye chungu hiki mvuke unagonga kifuniko, unageuka matone, unarudi ndani. Karibu hakuna kinachopotea, na juu ya hapo nyama, vitunguu na nyanya hutoa maji yao. Ukiweka kikombe kimoja utafungua jioni ukute viwili. Ukiweka vinne unapata ulichopata, tena kwa hasara ya pili: lita nzima ya maji baridi ilikula saa tatu au nne za kwanza kupata moto tu. Kwa kweli nyama yako haikupikwa saa sita. Ilipashwa moto saa nne, ikapikwa mbili.

Hili la kuanza na maji ya moto linahusu viazi pia. Watu hushangaa nyama kuiva kabla ya viazi, lakini ndivyo chungu hiki kilivyo. Kinacholainisha kiazi hakianzi kuachia mpaka joto lifike karibu digrii 85, na kiazi kikikaa muda mrefu kwenye joto la vuguvugu la digrii 60 hivi, kinakakamaa kwa namna ambayo hata kuchemsha baadaye hakukiondolei ugumu wote. Nyanya nazo, kwa uchachu wake, huzidisha ugumu huo. Kata viazi na karoti vipande vidogo kuliko vya nyama, visizidi sentimita tatu, uvipange chini na pembeni, kwa sababu nyaya za moto zimezunguka ukuta wa chungu. Nyama ikae juu yake. Wengine huweka viazi juu kama kwenye sufuria ya wali, na huko juu ndiko kwenye baridi.

Nije kwenye umeme, kwa sababu hapa Tabora ni nusu ya habari. Chungu chenye swichi ya kuzungusha ni waya wa moto tu, hakina akili ya kujua kama joto limefika. Kimetengenezwa kwa volti 230. Jioni mtaa mzima ukiwasha pasi, friji na majiko, umeme unakuwa mdogo, taa zinafifia, na unajua mwenyewe. Volti ikishuka hadi 180, joto la waya halishuki kidogo kidogo hivyo, linashuka kwa karibu asilimia 40. Chungu kitaendelea kuwaka taa yake nyekundu kana kwamba kinapika, kumbe kinapasha vuguvugu. Hilo ni hatari kuliko nyama ngumu, kwani kati ya digrii 5 na 60 bakteria huzaana kwa kasi.

Kwa hiyo kabla hujaweka nyama tena, kijaribu na maji matupu siku ukiwa nyumbani. Jaza nusu, funika, washa "chini" kwa muda wa saa nane bila kufunua. Mwisho chovya kipimajoto cha jikoni upesi, kabla joto halijatoroka. Ukisoma kati ya digrii 85 na 95, chungu chako na umeme wa kwenu vinaelewana. Chini ya 85, usitumie "chini" hata siku moja. Pika kwenye "juu" kwa saa sita au saba, au tafuta saa ambazo umeme una nguvu. Mimi niligundua kwangu umeme mzuri ni kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, na makongoro yangu nayapika usiku. Chungu kinakaa juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia na karatasi, waya haujakanyagwa. (Kama kaka yako angekuwa Marekani ningekuuliza kwanza kibao cha nyuma kimeandikwa volti ngapi. Vya kule ni vya 120, ukichomeka hapa bila transfoma unaunguza.)

Kuhusu gharama usihofu. Chungu cha ukubwa wako kinatumia takriban wati 200, kwa saa tisa hakifikishi hata uniti mbili za LUKU. Piga hesabu ya mkaa wa saa tisa ulinganishe, na ufikirie na misitu yetu ya miombo inayoteketea kila siku kwa ajili ya magunia yale.

Umeme ukikatika ukiwa nyumbani, usikae kuusubiri ukitazama taa. Hamisha chakula kwenye sufuria, malizia kwenye mkaa au gesi. Usithubutu kuweka kile chungu cha udongo kinachokaa ndani juu ya moto, kitapasuka. Kama nyama ilikuwa imekwisha kuiva kabisa, inaweza kubaki ndani na kifuniko chake kwa saa mbili, lakini ipashe mpaka ichemke kabla hizo hazijapita. Shida ni umeme kukatika ukiwa kazini. Ukirudi na hujui ulikatika saa ngapi, itupe nyama hata kama inaonekana imeiva. Inauma, najua bei ya nyama. Lakini kuchemsha upya hakuondoi kila sumu ambayo bakteria wameacha, na mtoto wa miaka mitatu hana mwili wa kubishana nayo. Kuna ujanja mmoja nautumia: gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu, kiache ndani ya sehemu ya kugandishia ya friji. Ukirudi ukakuta sarafu imezama, umeme ulikatika muda mrefu; ikiwa bado juu isikuhakikishie kitu, kwani barafu huchelewa kuyeyuka.

Sasa maharage. Hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine pote.

Jibu ni hapana, usiyaweke makavu wala yaliyolowekwa tu. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili ya aina ya lektini. Moto wa kuchemka kabisa unaiua, na ndiyo sababu sisi tuliolelewa na sufuria ya maharage inayotokota juu ya mafiga hatujawahi kuifikiria. Chungu cha polepole kinaweza kulainisha maharage bila kuchemka hata mara moja. Kwenye joto la digrii 80 sumu hiyo haifi, na imepimwa ikaonekana inaweza kuongezeka nguvu hadi mara tano. Punje nne au tano zinatosha kumtapisha mtu mzima ndani ya saa moja hadi tatu, akifuatiwa na kuhara. Ladha haikuonyi, wala ulaini wa punje.

Njia salama ni nyepesi. Chambua, loweka usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, weka maji mapya, chemsha kwa moto mkali yatokote dakika thelathini kamili. Kisha yachuje ndipo yaingie kwenye chungu pamoja na nyama. Kama yamekomaa sana, yachemshe mpaka yakaribie kuiva, maana nyanya zitayazuia yasilainike zaidi. Maharage yanayotoka Kasulu na Buhigwe yana ngozi laini na mchuzi wake ni mzito. Ukiyachanganya na muundi namna hii hutahitaji kitu kingine mezani. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, na nikipika hivi natia vijiko viwili vya mawese ninapokaanga vitunguu. Jaribu, mawese hapa Tabora yanashuka na treni kila mara.

Cha ajabu, chombo hiki kilibuniwa kwa ajili ya maharage. Aliyekibuni ni Irving Naxon wa Chicago, akapata hataza yake, yaani hati ya haki ya mbunifu, mwaka 1940. Mama yake alikuwa amemsimulia jinsi walivyopika kwao Vilna, Lithuania. Wayahudi wa kule hawakoki moto siku ya Sabato, kwa hiyo Ijumaa kabla jua halijazama walipeleka chungu cha nyama, maharage na nafaka kwenye tanuri la mkate, kikakaa kwenye joto linalopoa usiku kucha, wakakitoa kesho yake. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mama yangu Ujiji akifukia makaa kwenye majivu usiku, chungu cha makongoro juu yake, kawa juu ya chungu, na onyo kwa sisi watoto tusifunue. Onyo hilo bado linafaa. Kila ukifunua chungu cha umeme, unahitaji dakika ishirini hadi thelathini kurudisha joto lililotoka.

Basi Jumamosi hii fanya namna hii, ukiwa nyumbani, ili ukijue chungu chako kabla hujakiachia nyumba. Nunua muundi kilo moja bila mfupa, na uombe kipande cha mfupa wenye uboho. Ijumaa usiku kata nyama vipande vikubwa kama ngumi ya mtoto, menya viazi vinne na karoti tatu uviloweke kwenye maji, kila kitu kwenye chombo chake ndani ya friji. Nyama usiikaange usiku ukailaza. Nyama iliyopata moto nusu haifai kusubiri. Kama imetoka kugandishwa, iyeyuke kabisa kwanza. Na chungu cha udongo chenyewe kisilale kwenye friji, kikikutana na joto kikiwa cha baridi kinaweza kupata ufa.

Asubuhi, chai inapochemka, washa chungu kitupu "juu" kama kijitabu chako kinaruhusu. Kama hakiruhusu, kisuuze tu kwa maji ya vuguvugu. Paka nyama chumvi vijiko vidogo viwili na unga wa ngano kijiko kikubwa kimoja, kaanga kama nilivyosema. Kaanga vitunguu viwili vikubwa, vitunguu saumu punje tano, tangawizi kidole kimoja, bizari nyembamba kijiko kidogo, nyanya nne. Mimina kikombe kimoja cha maji yanayochemka, kwangua. Panga viazi na karoti chini, mfupa katikati, nyama juu, mchuzi wote juu yake. Chungu kijae zaidi ya nusu lakini kisipite robo tatu. Saa ya kwanza "juu", kisha "chini" saa nane. Ukianza saa moja asubuhi, saa kumi jioni fungua kwa mara ya kwanza.

Bonyeza kano kwa mwiko. Likiachia, zima. Likigoma, rudisha kifuniko saa moja nzima, usichungulie. Mchuzi ukiuona bado mwepesi, toa viazi viwili, viponde, virudishe. Hoho, pilipili na majani ya giligilani yaingie nusu saa ya mwisho, yasipoteze harufu. Wapenda karanga, kama mimi, tuchanganye vijiko vitatu vya karanga zilizosagwa na mchuzi wa moto kwenye kikombe mpaka ziwe laini, ndipo tuzimimine, tena saa ya mwisho tu, kwa sababu karanga zikikaa mapema hushika pembeni na kuungua. Masika uyoga wa porini ukianza kuuzwa, nunua kwa wanaoujua, uchemshe na uukaange pembeni, uweke mwishoni. Kamua ndimu sahani ikiwa mezani.

Kitakachobaki hamishia kwenye bakuli pana kipoe upesi, kiingie friji ndani ya saa mbili. Swichi ya kutunza joto usiitumie kupashia kiporo kilichotoka friji, haina nguvu hiyo. Pasha kwenye sufuria mpaka kichemke. Na chungu kikiwa bado cha moto usikimwagie maji baridi.

Jumapili asubuhi fungua lile bakuli kabla hujalipasha. Ukiliinamisha mchuzi usitiririke, bali utikisike mzima mzima kama maziwa mgando, ujue muundi umeyeyuka ulivyotakiwa. Ukikuta unatiririka kama maji, niandikie tena, uniambie kipimajoto kilisoma ngapi.